Ndoa ya Masafa

Kwetu, msichana ambaye walii wake amekataa kumwoza ana njia moja tu iliyobaki. Anaondoka na mwanamume anayemtaka, wanakwenda mbali, mwendo ule ambao msafiri anaruhusiwa kufupisha swala, na huko sheikh anaweza kusimama badala ya walii akawafungisha ndoa. Sisi Wasomali tunaiita masaafo. Wasichana wengi wa Garissa huishia Mwingi. Wanaondoka asubuhi wakiwa wasichana, jioni wanarudi wake za watu, na kelele zinaanza.

Abdisalam hakutaka Mwingi. Alisema Mwingi kila duka lina binamu wa mtu. Alitaka Nyeri, mji wa milimani aliosomea sekondari.

"Wazungu waliujenga wapate kupumzika kutokana na joto," aliniambia. "Kuna ukungu, kuna maua, kuna nyumba za mawe. Hakuna anayekuuliza wewe ni wa nani. Tutafunga ndoa na kula fungate palepale, siku mbili, halafu turudi."

Nilikuwa na miaka ishirini. Nilifika darasa la tano, baba akafariki, nikatolewa shule nilee watoto wa kaka yangu Mahat. Mahat anauza ng'ombe, na baada ya baba, yeye ndiye walii wangu. Abdisalam alimtumia wazee mara mbili kuniposa. Mara zote mbili Mahat aliwaondoa chai ikiwa bado moto kwenye vikombe. Sababu yake ni kisima. Mwaka mmoja wa ukame, kule Bura, baba yake Abdisalam aliwafukuza ngamia wetu majini, na watatu wakafa njiani. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Abdisalam alikuwa ananyonya.

Nilimpenda kwa jambo dogo. Alikuwa akija kunywa chai kwenye kibanda cha mama, ananiuliza kitu, halafu ananyamaza angojee jibu. Mimi ni mtu wa kuchelewa kujibu. Watu wengi huwa wameshaondoka.

Basi tukaondoka baada ya swala ya alfajiri. Nilimwachia mama kitanda kimetandikwa na sikumwambia neno.

Baada ya daraja la Tana polisi walisimamisha basi. Sisi wenye sura za kwetu tulishushwa na vitambulisho mkononi, watu wa bara wakabaki wamekaa wakila karanga. Askari alikitazama changu, akanitazama mimi.

"Unaenda wapi?"

"Nyeri."

"Kufanya nini Nyeri, wewe?"

Abdisalam alinitangulia kabla sijafungua mdomo. "Yuko na mimi, afande. Haelewi Kiswahili sana."

Kiswahili naelewa. Ninauza chai kwa walimu, manesi na askari wa bara tangu nikiwa mdogo. Ila herufi nyingine zinanishinda, kama zinavyowashinda watu wengi wa kwetu. Tuliporudi ndani ya basi alianza kunifundisha.

"Sema polisi."

"Bolisi."

"Po. Po-lisi. Nyeri huwezi kusema hivyo, watakucheka. Sema pikipiki."

Nilisema. Kijana wa kiti cha mbele aligeuka akacheka, na Abdisalam akacheka naye. Nilidhani ni mchezo wa wapenzi, nikacheka pia. Hadi Thika alikuwa bado ananisemesha "picha" na "vitunguu", na mimi nilikuwa nimeacha kucheka.

Tulifika Nyeri alasiri, mvua nyembamba inanyesha, ile isiyolowesha kwa haraka lakini inaingia hadi mfupani. Sikuwa nimewahi kuhisi baridi ya namna ile. Mji ulikuwa kama alivyosema: kimya, mawe ya kijivu, paa za vigae vyekundu, miti mirefu ya kizungu, kanisa lenye makaburi ya wazungu pembeni yaliyopaliliwa vizuri. Mlima wenyewe sikuuona, ulikuwa ndani ya wingu. Watu walitutazama. Mama mmoja aliyeuza viazi alivuta gunia lake karibu nilipopita, kana kwamba jilbabu langu lingelimeza.

Tulikwenda moja kwa moja msikitini. Msikiti ni mdogo, na mwangalizi wake alikuwa mzee mmoja mfupi. Alituambia sheikh amekwenda Nanyuki kuzika, atarudi kesho asubuhi.

"Mmekuja masaafo?" aliuliza, na hata hakuficha dharau.

Abdisalam akasema ndiyo.

"Mnakuja huku kama watu wanaokuja kununua viatu," mzee akasema. "Kesho saa tatu. Mje na adabu."

Hotelini palitokea ugomvi wetu wa kwanza. Abdisalam aliomba chumba kimoja. Nilimvuta mkono wa shati.

"Viwili," nikamwambia kwa Kisomali.

"Kesho wewe ni mke wangu."

"Kesho. Leo viwili."

Mpokeaji wageni, dada mmoja kwa jina Abigael, alikuwa ameshika kalamu akitungoja. Abdisalam alimtabasamia. "Samahani, huyu bado ni mshamba kidogo."

Abigael hakutabasamu. Wala hakuwa upande wangu. "Nyinyi amueni," alisema. "Na hapa hatutaki watu wa kuzozana. Mkianza kelele nawaitia askari, siku hizi hatujui nani ni nani."

Tukapewa vyumba viwili, ghorofa mbili tofauti. Abdisalam alipanda ngazi bila kunisaidia begi.

Baadaye kidogo aligonga mlango, amebadilika, amejipulizia manukato, akasema tutembee anionyeshe mji. Nilifurahi. Alinionyesha mnara wa saa, akanionyesha klabu ya zamani ya wazungu yenye nyasi kama zulia, akanionyesha njia waliyokuwa wakipanda wanafunzi Jumapili. Alikuwa akiongea kama zamani. Aliniuliza, "Unaipenda?" akangoja. Nilikuwa najiandaa kujibu.

"Abdi! Abdi Garissa!"

Mwanamume wa makoti mawili alivuka barabara akimkimbilia, nyuma yake mwanamke mwenye mwavuli. Walikumbatiana, wakapigana migongo. Aliitwa Gichuki. Walikuwa wamesoma pamoja.

"Na umenenepa, jameni! Huyu ni mke wangu, yeye ni daktari. Mimi nafanya sheria hapa. Wewe je? Na huyu mrembo?"

Nilishusha macho, maana najua aibu yangu, lakini masikio yalikuwa wazi kabisa. Nilingojea neno lile nisikie likitamkwa mara ya kwanza mbele ya watu.

"Huyu?" Abdisalam akasema. "Ni binti wa jirani. Nimemleta hospitali."

"Pole sana," yule daktari akaniambia. "Unaumwa nini, mpenzi?"

"Tumbo," Abdisalam akajibu. "Kiswahili chake ni kidogo."

Waliongea muda mrefu. Nilisimama hapo nikiwa binti wa jirani mwenye tumbo. Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye ncha ya mwavuli wa daktari ikiniangukia kwenye kiatu, na sikusogeza mguu.

Walipokwenda nilimuuliza kwa nini.

"Ungetaka niseme nini?"

"Mchumba."

"Weris, umemsikia mke wake anavyoongea? Nimwambie Gichuki naoa darasa la tano? Ngoja kwanza nikufunze. Mwaka mmoja tu, utakuwa mtu mwingine, nitakupeleka nyumbani kwao mwenyewe."

"Na kama nitabaki mtu huyu huyu?"

Alicheka. Mimi sikuwa na desturi ya kuuliza mara mbili.

Chakula cha jioni tulikula kwenye ukumbi wa hoteli karibu na moto. Abdisalam alikuwa na furaha. Alikula nyama yote, yake na nusu ya yangu, na alipofika kwenye chai mdomo ulikuwa umefunguka kabisa.

"Unajua kesho nitafanya nini? Sheikh akishamaliza tu, nitampigia kaka yako. Nitamwambia, Shemeji, asubuhi njema. Nimekuchukulia kitu chako. Nitaweka sauti kubwa Salah na vijana wote dukani wasikie."

"Salah anajua tuko huku?"

"Salah ni rafiki yangu. Sikiliza. Kaka yako aliwafukuza wazee wangu mbele ya soko zima. Mara mbili! Alimwambia ami yangu, kanyweshe ngamia wako kwanza. Tangu siku ile nimeapa. Nitaitoa nyumbani kwake damu yake mwenyewe, bila hata mbuzi mmoja wa mahari."

"Kwa hiyo mara ya kwanza ulinitaka mimi," nilisema polepole, "na mara ya pili ulimtaka Mahat."

"Usianze maneno ya vitabu, wewe hujui vitabu," alisema, akaita chai nyingine.

Nilipanda chumbani nikafunga mlango kwa ufunguo. Nilikuwa kwenye mji wa watu, sijui mtu, na asubuhi nilitakiwa msikitini. Nikirudi Garissa bila ndoa, mimi ni msichana aliyetoroka na mwanamume akarudishwa kama bidhaa mbovu. Nikifunga ndoa, nitakuwa kwenye nyumba ya huyu maisha yangu yote, nikirudia herufi. Nililala na jilbabu langu na mablanketi mawili, na baridi ikaingia humo humo.

Asubuhi simu yangu ilikuwa na ujumbe wa Mahat. Huwa haandiki mengi.

"Salah amesema yote. Nimepanda lori la ng'ombe. Niko Thika."

Nilipokuwa nakunywa chai ukaja mwingine. "Niko Sagana."

Abdisalam alikuwa mbele yangu akijitazama ndevu kwenye kioo cha simu yake. Nikaiweka yangu chini ya kanga.

Lazima niseme wazi, sikufurahi kwamba kaka yangu anakuja. Mahat si mtu wa kukuokoa. Ana mkono mwepesi na mdomo mzito. Lakini kila alivyokaribia, masaafo yetu yalikuwa yanafupika, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Sheikh alikuwa mtu mzima, Msomali wa ukoo uliohamia Nyeri enzi za Waingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha Nyeri kabisa. Alituketisha kwenye mkeka wa chumba cha pembeni. Yule mwangalizi mfupi na fundi cherehani wa jirani walikaa kuwa mashahidi. Hakuna aliyetutazama kwa wema.

"Walii wako ni nani?" sheikh aliniuliza.

"Kaka yake," Abdisalam alijibu. "Anaitwa Mahat. Amekataa mara mbili bila sababu ya dini."

"Yuko wapi?"

"Garissa."

"Sikukuuliza wewe." Sheikh alinigeukia. "Binti, nitakufungisha ndoa kwa sababu walii wako yuko mbali. Akiwa karibu, mimi sina haki hiyo, na ndoa yenyewe ni bure, mtazaa watoto wa bure. Kwa hiyo nataka kusikia kwako. Walii wako yuko wapi sasa hivi?"

Abdisalam alinikanyaga ukingo wa jilbabu kwa goti lake. Simu ilitetemeka ndani ya kanga. Niliitoa nikaisoma mbele yao wote.

"Karatina," nikasema.

"Anaota huyu!" Abdisalam akasema.

"Karatina hii? Hapo chini?" Sheikh alivua miwani. "Karatina! Mtu akienda Karatina hata swala hafupishi!"

Fundi cherehani akacheka kwa nguvu, mwangalizi akamwambia nyamaza. Abdisalam alikuwa ameshasimama.

"Naa, wewe mwanamke, una wazimu? Ulijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Inuka. Inuka twende Nanyuki. Sasa hivi, tutapata sheikh mwingine, twende mpaka Isiolo, inuka!"

Sikuinuka. Alinishika kiwiko. Sheikh alimwambia, "Mwache. Hapa si sokoni," na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na kitu cha kuogopwa. Abdisalam aliniachia. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Angeweza kuondoka. Nadhani hakutaka Mahat aje aambiwe kwamba amekimbia.

Mahat aliingia na harufu ya mavi ya ng'ombe, viatu mkononi, macho mekundu. Hakutoa salamu. Alinitazama mimi, akamtazama Abdisalam, na wote wawili wakaanza kwa wakati mmoja.

"Mwizi! Mtoto wa mwizi wa maji!"

"Warya, wewe bwana, chunga mdomo wako! Nilikuja kwako kwa mlango!"

"Na ukatoka kwa dirisha na dada yangu!"

"Ulimficha kama ng'ombe mgonjwa, nani alikuwa anamtaka zaidi yangu?"

Sheikh alipiga mkeka kwa kiganja. Walinyamaza wakihema. Akamuuliza Mahat, "Wewe ndiye walii. Umefika. Unasemaje?"

Nilijua atakachosema. Atasema hapana, atanivuta hadi kwenye gari, atanipiga nyumbani na yatakwisha. Nilikuwa nimeshajiandaa na hilo.

Mahat alikaa chini. Alijifuta uso.

"Mfungishe," akasema.

Hata Abdisalam alishangaa.

"Amelala nje," Mahat akaendelea, akimwambia sheikh, si mimi. "Garissa nzima inajua, huyo Salah amewaambia hadi wauza miraa. Nikimrudisha hivi hivi nimweke wapi? Nani atakuja kumposa? Amemharibu, basi amchukue. Mfungishe hapa hapa, nirudi kwenye kazi yangu."

"Abboowe," nikamwita, kama tunavyowaita kaka zetu wakubwa. "Tulilala vyumba viwili."

"Nani ataamini?"

Nikamtazama Abdisalam aseme. Alijua ukweli huo kuliko mtu yeyote. Abigael wa hotelini naye aliujua. Abdisalam alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la kwenye chai ya jioni.

"Aibu ni kitu kibaya, shemeji," alimwambia Mahat. "Bora tuimalize."

Sheikh alivaa miwani. Alionekana kuchoka nasi, anataka kurudi kwake.

"Vizuri. Walii yupo, mashahidi wapo, mwanamume yupo. Kaka si kama baba, hawezi kukuoza bila ridhaa yako, kwa hiyo nakuuliza, binti. Na wewe ni msichana mwenye haya, naona. Huhitaji kusema kitu. Msichana akinyamaza, kunyamaza kwake ni ndiyo. Umekubali kuolewa na Abdisalam?"

Mahat alikuwa anatazama soksi zake. Abdisalam alikuwa ameshanyoosha mkono Mahat ampe mkono wa ndoa. Hakuna hata mmoja wao aliyenigeukia, kwa sababu wote walinijua. Maisha yangu yote nilikuwa nachelewa kujibu, na safari hii hakuna aliyehitaji kungoja. Nikichelewa tu, nimeolewa.

Sheikh akavuta pumzi aanze dua.

"Sitaki."

Ilitoka kubwa mno. Nilitaka kusema kama mtu, ikatoka kama mtu anayefukuza mbwa. Mwangalizi wa msikiti alishtuka.

"Umesema?" sheikh akauliza.

"Sitaki kuolewa naye. Simtaki."

Mahat aliinua kichwa. "Naa Weris. Hujui unachosema."

"Najua, abboowe."

"Ulitoroka naye! Ulipanda basi mwenyewe!"

"Nilipanda mwenyewe. Na sasa simtaki."

"Ana wazimu," Abdisalam akamwambia Mahat. "Nilikuwa nimeshaanza kuona. Tangu kwenye basi."

"Tangu utotoni," Mahat akasema. "Hasemi, hasemi, halafu anakutoa roho."

"Haelezeki."

"Kabisa."

Walikuwa wamekaa bega kwa bega kwenye ule mkeka, wananitazama mimi kwa jicho moja. Baba zao walishindwa kukaa hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini. Sheikh alisema hakuna ndoa, amenawa mikono, ana mambo yake, na sisi tuondoke msikitini kwake.

Abdisalam hakusafiri nasi. Pale nje alimpa Mahat mkono, mimi akanipita kama nguzo ya taa. Alielekea upande wa ofisi za mawakili. Labda alikwenda kumwambia Gichuki kwamba mgonjwa wake amepona.

Mahat alipanda matatu ya Thika akakaa mbele na dereva, mimi akanionyesha kiti cha nyuma kabisa. Hakugeuka kunitazama Karatina, hakugeuka Sagana. Thika aliposhuka kuswali nilimngojea mlangoni mwa msikiti na begi langu. Alitoka akifunga saa mkononi, akasema maneno ya kwanza tangu Nyeri.

"Mke wangu amesema hakutaki tena ndani ya nyumba ile."

"Sawa."

"Sawa nini? Utalala wapi?"

"Kwa mama."

"Mama anakaa kwangu, mjinga wewe!"

"Najua," nikasema. "Nitalala kwa mama."

Alinitazama muda mrefu, mdomo wazi, akingoja niongeze kitu. Basi la Garissa lilikuwa limeanza kupiga honi. Nilibeba begi langu, nikatangulia.